Kitanda Kinapozunguka: Mazungumzo Kuhusu Sikio la Ndani na Kizunguzungu

   Leo nataka tuongee kuhusu kizunguzungu. Si kila kizunguzungu, maana viko vingi. Nataka tukizungumzie kile cha kitandani.

Unakijua? Mtu amelala vizuri, hana homa, hana kidonda. Usiku wa manane anageuka upande, na papo hapo chumba kizima kinaanza kuzunguka. Dari inazunguka, ukuta unazunguka, kitanda nacho kinazunguka. Anashika godoro kwa mikono miwili. Anafumba macho, lakini mzunguko hauachi. Baada ya nusu dakika hivi hali inatulia, anabaki na kichefuchefu, jasho jembamba na hofu kubwa. Asubuhi akiinuka kitandani, kinarudi. Akiinama kuchochea jiko, kinarudi. Akitazama juu aanike nguo kambani, kinarudi. Dada wa saluni akimlaza kichwa nyuma amuoshe nywele, kinarudi.

Je, kimewahi kukupata? Au yuko mama, baba, shangazi au jirani yako aliyekipata? Kama yupo, hebu kumbuka: aliambiwa ni nini? Wengi huambiwa ni presha. Wengine huambiwa ni malaria, au damu imepungua. Wapo waliopelekwa kuombewa, na wapo walioambiwa wana pepo. Mara nyingi huishia na mfuko wa vidonge, na kizunguzungu kiko palepale.

Mambo mawili nitayasema leo, na nitayarudia kabla hatujaachana. La kwanza: kizunguzungu cha namna hii, kinachokuja mtu akigeuza kichwa na kuondoka baada ya muda mfupi, mara nyingi sana chanzo chake ni sikio. La pili, na hili ndilo lililonileta hapa leo: kina tiba. Tiba yenyewe hufanywa kwa mikono juu ya kitanda cha kawaida, huchukua dakika chache, na haihitaji dawa hata moja.

Tuanze na sikio lenyewe.

Tukisema sikio, wengi wetu tunafikiria kusikia tu. Lakini ndani kabisa ya fuvu, katika mfupa mgumu sana, kuna kiungo kidogo chenye kazi mbili. Sehemu yake moja ni ya kusikia, ile inayoitwa koklea. Sehemu ya pili haisikii chochote. Kazi yake ni kuuambia ubongo kichwa kiko wapi, kinageuka kuelekea wapi, na chini ni wapi. Ndiyo maana ukifumba macho bado unajua kama umesimama au umelala.

Katika sehemu hiyo ya pili kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara, imejaa maji. Kwa nini mitatu? Kwa sababu kichwa chako kinaweza kugeuka kwa njia tatu: unapokubali ukakitikisa juu na chini, unapokataa ukakipeleka kushoto na kulia, na unapokilaza begani. Kila mfereji umewekwa kushika mgeuko wake.

Unashikaje? Chukua ndoo yenye maji, weka jani lielee juu yake, kisha izungushe ndoo ghafla. Utaona ndoo imegeuka lakini jani liko palepale, maana maji yamechelewa kuifuata. Ndani ya sikio ni vivyo hivyo. Kichwa kikigeuka, mfereji unageuka nacho, maji yanachelewa, na kule kuchelewa kunasukuma kiwambo laini kilichoziba mfereji. Chini ya kiwambo kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno. Vinyweleo vikipinda upande mmoja, neva inatuma taarifa: kichwa kimegeuka kulia. Vikipinda upande wa pili: kimegeuka kushoto.

Sasa taarifa hiyo inakwenda wapi? Inapita kwenye ubongo na kufika upesi sana kwenye macho. Tufanye jaribio dogo, mimi na wewe. Kama una gazeti au kitabu karibu, kishike mbele ya uso. Tikisa kichwa kushoto na kulia, haraka kiasi, huku ukisoma. Unasoma, sivyo? Sasa tuliza kichwa, halafu litikise gazeti kwa kasi ileile. Umeona? Maandishi yamevurugika. Ulipotikisa kichwa, sikio liliyaongoza macho yabaki kwenye mstari. Ulipotikisa gazeti, sikio halikuwa na la kusema, macho yakaachwa yahangaike yenyewe.

Naomba ulishike jambo hilo, maana kila kitakachofuata kinalitegemea. Sikio la ndani linaendesha macho. Kwa hiyo sikio likitoa taarifa ya uongo, macho yatacheza. Na daktari anayejua kuyatazama macho anaweza kulisoma sikio ambalo hawezi kulifikia.

Sikiliza sasa jinsi watu walivyolifikia jambo hili, maana haikuwa safari fupi.

Katika miaka ya 1820 huko Ufaransa, mwanasayansi Pierre Flourens alifanya majaribio kwa njiwa. Alikata ile mifereji mitatu ya sikio, na mtu angetarajia ndege wawe viziwi. Hawakuwa viziwi. Badala yake walianza kuzunguka. Mfereji mmoja ukikatwa, njiwa anazunguka upande huu. Ukikatwa mwingine, anapinduka kichwa mbele. Kumbe mifereji ile haikuwa ya kusikia. Ni jambo zito, lakini ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla ya mtu kulihusisha na wagonjwa.

Mtu huyo alikuwa daktari Prosper Ménière, aliyekuwa daktari mkuu wa taasisi ya viziwi mjini Paris. Wakati wake, mtu akishikwa na kizunguzungu ghafla na kutapika, madaktari walisema damu imemjaa kichwani. Wakamtoa damu. Wakamwekea ruba. Ménière aliona kwamba baadhi ya watu hao walikuwa pia na mvumo masikioni na usikivu uliopungua. Mwezi Januari 1861 akasimama mbele ya madaktari wenzake na kuwaambia kuwa ugonjwa huu si wa ubongo, ni wa sikio la ndani. Mwaka uliofuata akafariki, na wengi walikuwa hawajakubali. Leo ugonjwa ule wa kizunguzungu cha masaa, pamoja na mvumo na kupungua kwa usikivu, unaitwa kwa jina lake.

Niseme jambo hapa. Tunaposikia habari za madaktari wa Paris kutoa watu damu kwa sababu ya kizunguzungu, tusiwashangae sana. Nasi hapa kwetu, mwaka huu, mtu akisema dunia inamzunguka, jibu la kwanza bado ni presha. Presha ni ugonjwa halisi, na kuipima ni muhimu. Lakini mtu mwenye presha ya juu mara nyingi hajisikii chochote, na ndiyo hatari yake. Kizunguzungu kinachokuja kila unapogeukia upande mmoja kitandani hakiwezi kuelezwa na presha peke yake.

Tuendelee. Baada ya Ménière tunakwenda Vienna, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa daktari kijana aitwaye Robert Bárány. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuosha masikio ya wagonjwa kwa maji. Wagonjwa walimlalamikia kwamba wakioshwa wanashikwa na kizunguzungu. Mmoja akamwambia: maji yako ni ya baridi, ndiyo maana. Bárány angeweza kulipuuza neno hilo. Hakulipuuza. Mara nyingine akatumia maji ya moto kupita kiasi. Mgonjwa akashikwa tena na kizunguzungu, lakini Bárány, aliyekuwa akiyatazama macho yake, akaona macho yanacheza kuelekea upande ulio kinyume na ule wa maji ya baridi. Hapo akaelewa. Maji ya moto yanapasha mfereji joto, kimiminika cha ndani kinapanda. Maji ya baridi yanakifanya kishuke. Sikio linadhani kichwa kinageuka, wakati mtu ametulia kwenye kiti.

Kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kupima sikio la kulia peke yake na la kushoto peke yake, kwa maji na macho yake mwenyewe. Bárány alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Lakini habari za tuzo zilimkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi, maana alijitolea kuwa daktari wa jeshi la Austria akatekwa. Msalaba Mwekundu wa Sweden ulimwombea, akaachiwa mwaka 1916. Baadaye akahamia mji wa Uppsala huko Sweden, na ni wakati akiwa huko, mwaka 1921, alipoandika habari za mwanamke wa miaka 27 aliyekuwa akipata kizunguzungu kila alipolala kwa upande. Macho yake yalicheza kwa nusu dakika, kisha yakatulia. Ndicho kizunguzungu chetu cha kitandani, msikilizaji.

Mwaka 1952, London, madaktari wawili waliandika namna ya kukipima. Walikuwa Margaret Dix na Charles Hallpike. Dix alikuwa akijiandaa kuwa mpasuaji, lakini wakati wa Vita Vikuu vya Pili alijeruhiwa uso na macho katika shambulio la ndege, ndoto ya upasuaji ikaishia hapo. Akageukia elimu ya sikio na mizani ya mwili, na jina lake sasa linatajwa kila siku katika kliniki za dunia nzima. Kipimo chao ni hiki: mgonjwa anakaa kitandani, daktari anageuza kichwa chake upande mmoja, kisha anamlaza chali haraka, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni mwa kitanda. Halafu daktari anayatazama macho. Zinapita sekunde chache, hakuna kitu. Kisha macho yanaanza kucheza kwa kujizungusha, mgonjwa anashika mkono wa daktari kwa woga, na kabla ya dakika moja yanatulia. Yakicheza hivyo, sikio lenye shida ni lile lililo chini.

Lakini kilichokuwa kikitokea ndani ni nini? Hapo ndipo palipobaki fumbo.

Nilikuambia sikio linajua pia chini ni wapi. Linajuaje? Karibu na ile mifereji kuna vifuko viwili, na katika kila kifuko kuna utando wenye unato uliotandazwa maelfu ya chembe ndogo za chokaa. Usishangae, kila mmoja wetu ana chokaa ndani ya sikio. Chembe hizo zina uzito. Ukiinamisha kichwa, zinavuta utando kuelekea chini, vinyweleo vinapinda, ubongo unajua.

Mwaka 1969 huko Marekani, daktari Harold Schuknecht, aliyechunguza mifupa ya masikio ya watu waliofariki, alieleza kwamba kwa watu waliokuwa na kizunguzungu hiki alikuta mabaki yamenata kwenye kiwambo cha mfereji wa nyuma. Chembe za chokaa zilikuwa zimebanduka kwenye kifuko chao zikaingia mahali pasipo pao. Miaka kumi baadaye madaktari wa mji mwingine uitwao London, huu wa Kanada, walisema kwamba chembe hizo huenda hazinati. Zinaelea ndani ya maji ya mfereji. Na mwaka 1992 wapasuaji wa huko huko Kanada walifungua mfereji wa mgonjwa aliye hai wakaziona kwa macho, zinaelea.

Sasa picha imekamilika. Mtu anageuka kitandani. Chembe zilizopotea njia zinaanza kuteremka ndani ya mfereji kwa uzito wake, na zikiteremka zinavuta maji. Maji yanasukuma kiwambo. Sikio linauambia ubongo: tunazunguka! Macho yanasema: hapana, tumelala. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo linachafuka. Kwa nini kunatulia? Kwa sababu chembe zimefika chini, zimekoma kusogea. Kwa nini kunaanza tena akigeuka? Kwa sababu zinateremka upya. Hakuna pepo hapo, wala mtu aliyekutakia mabaya. Ni chembe za chokaa zimeingia mfereji usio wao.

Na kama zimeingia, je, haziwezi kutolewa?

Swali hilo alijiuliza John Epley, daktari wa masikio katika mji wa Portland, Marekani. Akafikiri hivi: kama chembe zinatembea kwa uzito wake, basi tukimlaza mgonjwa na kumgeuza kwa mpangilio unaofuata mkunjo wa mfereji, zitateremka hatua kwa hatua mpaka zitoke upande wa pili, zirudi kifukoni. Bila kisu, bila sindano. Mwaka 1980 akawaonyesha wenzake mkutanoni. Wapo waliomcheka, na wapo waliotoka nje. Majarida yalikataa makala yake. Ilichukua mpaka mwaka 1992 ndipo ikachapishwa. Miaka kumi na miwili! Na katika miaka yote hiyo, watu wangapi waliendelea kulala wakiwa wameketi kwa kuogopa mto? Naumia nikifikiria jambo hilo, kwa sababu hakuna kilichokosekana ila utayari wa kujaribu.

Baadaye yakafanyika majaribio ya haki. Kundi moja la wagonjwa likageuzwa kwa njia ya Epley, kundi jingine likageuzwa kwa mikao ya kuigiza tu, na wagonjwa hawakujua wamepata ipi. Waliopata njia ya Epley walipona wengi zaidi, tena mara nyingi baada ya kikao kimoja au viwili. Majaribio yamerudiwa katika nchi mbalimbali, na majibu yanaelekea upande uleule.

Inafanywaje? Nitaieleza ili uielewe, si ili ukaijaribu usiku huu ukiwa peke yako. Tuseme shida iko sikio la kulia. Mgonjwa anakaa kitandani, kichwa kimegeuzwa nusu kulia. Analazwa chali haraka, kichwa kikiwa chini kidogo ya usawa wa kitanda. Kizunguzungu kitakuja, na kije. Anasubiri mpaka kitulie, nusu dakika au dakika nzima. Kisha kichwa kinageuzwa polepole upande wa kushoto. Anasubiri. Kisha anageuza mwili mzima alalie ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu. Anasubiri. Kisha anainuliwa, akae. Basi. Mwenye matatizo ya shingo au mgongo aseme mapema, kwake kuna njia nyingine. Na mara ya kwanza lazima afanye mtu aliyejifunza, kwa sababu ni lazima ijulikane ni sikio lipi na ni mfereji upi.

Je, kinaweza kurudi? Ndiyo, kwa watu wengi hurudi baada ya miezi au miaka, na tiba ni ileile. Nani hukipata zaidi? Watu wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea, wanawake kuliko wanaume, na watu waliogongwa kichwa. Fikiria ajali zetu za bodaboda. Kijana amepona jeraha la kichwa, karuhusiwa kwenda nyumbani, lakini kila akilala dunia inazunguka. Familia inadhani ubongo umeharibika. Huenda ni chembe tu zilizobanduliwa na kishindo. Utafiti mmoja wa Ujerumani wa mwaka 2007 ulikadiria kwamba watu kama wawili au watatu katika kila mia hukipata wakati fulani maishani. Na mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba wagonjwa wenye upungufu wa vitamini D, wakipewa vitamini hiyo pamoja na kalisi, kizunguzungu huwarudia mara chache zaidi.

Hapa nikuombe usikilize kwa makini, maana kuna kizunguzungu ambacho si cha kusubiri. Kizunguzungu kikija ghafla na kisiondoke, kikakaa masaa mengi hata ukiwa umetulia, au kikija pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwiliviwili, maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, au kushindwa kabisa kusimama, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Usingoje asubuhi. Usianze na mafuta ya kuchua. Mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo.

Hata katika hili, macho yana la kutuambia. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani, wakiongozwa na Jorge Kattah na David Newman-Toker, walionyesha kwamba mtaalamu akiyachunguza macho ya mgonjwa wa kizunguzungu kisichokoma, kwa vipimo vitatu vifupi vya kando ya kitanda, anaweza kutambua kiharusi vizuri kuliko picha za MRI zinazopigwa katika siku mbili za mwanzo. Tafakari hilo. Mashine ya thamani kubwa, ambayo wilaya zetu nyingi hazina, inaweza kukosa kitu ambacho macho ya tabibu aliyefundishwa yanakiona.

Niongeze jambo jingine moja kabla sijamaliza, nalo ni la dawa. Zipo dawa zinazookoa maisha lakini zinaumiza sikio la ndani. Streptomaisini, dawa ya sindano iliyokuwa ya kwanza kuutibu kifua kikuu katika miaka ya 1940, ilianza kutumika na mara madaktari wakaona wagonjwa wanapona mapafu lakini wanapoteza mizani. Wakitembea gizani wanayumba. Ndugu yake jentamaisini inatumika mpaka leo katika hospitali zetu, na kwa sababu nzuri. Kanamaisini nayo ilitumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu, ikaacha watu wengi na masikio yasiyosikia, mpaka mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba isitumike tena kwa ugonjwa huo, maana vimepatikana vidonge bora. Dawa hizi zinaua zile seli zenye vinyweleo, na kwa binadamu seli za kusikia zikifa hazioti tena. Kwa ndege huota. Wanasayansi waligundua hivyo katika miaka ya 1980, na tangu hapo wanatafuta namna ya kuziamsha kwa binadamu. Kwa sasa kinga yetu ni kusema. Kama wewe au mgonjwa wako yuko kwenye sindano za namna hii na masikio yameanza kuvuma, au hatua zimeanza kuyumba, mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Usiache dawa kwa uamuzi wako, lakini usinyamaze.

Sasa nirudi kwenye yale mawili, kama nilivyoahidi. Kizunguzungu cha kugeuka kitandani, mara nyingi chanzo ni sikio. Na kina tiba ya mikono, ya dakika chache, bila dawa.

Kama ni hivyo, kwa nini wagonjwa wetu wengi hawaipati? Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo ni wachache, na wengi wako katika hospitali kubwa kama Muhimbili au Kenyatta. Lakini tiba hii haihitaji bingwa. Inahitaji kitanda, mikono miwili, na mtu aliyefundishwa kuyatazama macho. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kuijua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuijua. Mimi naamini ingefaa kila mwanafunzi wa utabibu na uuguzi aifanye kwa mikono yake kabla hajahitimu, kama anavyojifunza kupima presha. Vidonge vya kizunguzungu vinavyotolewa kila mahali vinatuliza kichefuchefu, lakini haviwezi kuitoa chembe mferejini, na mzee akivinywa kwa miezi vinamletea usingizi na kumwongezea hatari ya kuanguka. Mzee akianguka akavunjika nyonga, hapo ndipo tatizo la dakika moja linapogeuka kuwa la maisha.

Wewe msikilizaji, ukienda kliniki usiseme tu "nasikia kizunguzungu". Mwambie daktari mambo haya. Je, vitu vinazunguka, au unajisikia kama unataka kuzimia? Hali inakaa muda gani: sekunde, masaa, au siku? Inaanza ukifanya nini? Ni upande gani ukilalia inakuja? Masikio yanavuma, usikivu umepungua? Unatumia dawa gani, na ulianza lini? Ukiyaeleza hayo, umemrahisishia kazi kubwa. Na ukiona anaandika dawa bila kukulaza na kuyatazama macho yako, muulize kwa heshima: daktari, nimesikia kuna kipimo cha kunilaza chali na kichwa kimegeuzwa, je, chaweza kunifaa mimi?

Barua na ujumbe wenu kuhusu mada hii nitavipokea kwa furaha, hasa kutoka kwa matabibu na wauguzi mnaosikiliza mkiwa zamu. Mlio tayari mnaifanya tiba hii katika vituo vyenu, niandikieni mlijifunzia wapi na mlianzaje, ili juma lijalo niwasomee wenzenu wanaotaka kuanza. Juma hilo tutaanza pia mada ya watoto wanaotokwa na usaha masikioni.